Nikola Tesla na mashua iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio

Vijana wanaounda roboti za mashindano hubishana kuhusu kidhibiti cha dereva: kila kijiti kiendeshe magurudumu ya upande wake, au kimoja kiwe cha kwenda mbele na kingine cha kukata kona? Ili kuuelewa ubishi huo, tunarudi kwa Nikola Tesla.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia. Baba yake, padri wa Kiothodoksi, alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Kijana akachagua umeme, na mwaka 1884 akahamia New York. Mota na mitambo yake ya umeme wa AC ilimpa jina duniani. Umeme wa aina hiyo ndio unaozalishwa leo Rusumo, wilayani Ngara, megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alionesha mashua ndogo ya chuma, haina kamba wala mtu. Hebu fikiria mtumbwi mtupu kule Ziwa Burigi, Biharamulo, ukikata kona wenyewe! Wapo waliodhani ni uchawi.

Tesla alikuwa na kisanduku chenye mkono mmoja tu wa kugeuza. Kwa nini mmoja? Kipokezi cha mashua hakikujua kulia wala kushoto. Kilijua tu kwamba wimbi limefika. Kila wimbi lilisogeza mtambo hatua moja: usukani uende upande huu, usimame, uende upande wa pili, usimame tena. Ni kama tochi ya kitufe kimoja, mwanga mkali, hafifu, kisha kuzima. Dereva akipoteza hesabu, mashua inapinda kusikotakiwa.

Kwa maoni yetu alichagua vizuri. Vitufe kumi visingesaidia kitu mbele ya kipokezi kinachojua kuhesabu tu. Hapo ndipo timu nyingi hukosea: huanza na kidhibiti kinachopendeza mkononi kabla ya kuuliza roboti yenyewe inaweza kutii nini.

Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898. Alitarajia jeshi la majini la Marekani liichangamkie, lakini halikuichangamkia. Alifariki tarehe 7 Januari 1943, peke yake katika chumba cha hoteli New York, akiwa na madeni.