Futabayama: Jicho moja, ushindi 69 mfululizo

Shabiki wa soka anamjua beki mzuri. Hakurupuki kuufuata mpira. Anauweka mwili mahali pake, straika anajikuta hana pa kupita. Kwenye sumo, mieleka ya jadi ya Japani, fundi wa kazi hiyo alikuwa Futabayama Sadaji, na aliifanya akiona kwa jicho moja tu.

Alizaliwa mwaka 1912 huko Oita. Utotoni aliumia jicho la kulia, likapofuka. Alipoingia kwenye sumo mwaka 1927 alilifanya jambo hilo siri, maana mpinzani akishajua upande usioona, huko huko ndiko atakakopita.

Kwenye sumo, ukikanyaga nje ya duara, au ukigusa chini na kitu kingine zaidi ya nyayo, umekwisha. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuvamia. Futabayama hakuwa na papara. Alimwacha jamaa aje, akampokea kifuani, akashusha nyonga na kupenyeza mkono wa kulia chini ya kwapa lake. Wa kushoto ukashika mkanda. Vifua vikishagusana, macho hayana kazi kubwa tena. Hapo alimsukuma nje au kumbwaga chini.

Kuanzia Januari 1936 hakuna aliyemuweza. Mwaka 1937 alipandishwa kuwa yokozuna, daraja la juu kabisa.

Mwaka 1938, akiwa ziarani Manchuria, aliugua tumbo la kuhara, akakonda. Wakati huo kambi ya Dewanoumi ilikuwa imekaa chini kutafuta dawa yake. Januari 15, 1939, kijana wa kambi hiyo, Akinoumi, alimpiga ngwala kwa nje kwenye mguu wa kulia, upande uleule wa jicho bovu. Futabayama chini! Mapambano 69 bila kupoteza yakaishia hapo.

Siku mbili zilizofuata akapigwa tena. Ungedhani kwisha habari yake. Kumbe wapi! Mei mwaka huohuo alishinda mapambano yote 15 na kubeba ubingwa.

Alistaafu mwaka 1945 akiwa na mataji 12, na hapo ndipo siri ya jicho ilipotoka. Baadaye aliongoza chama cha sumo cha Japani hadi alipofariki mwaka 1968. Mwaka 2010 Hakuho aliifukuzia rekodi yake, akakwama kwenye 63. Ile 69 bado ipo.