Willem Barents na Bahari ya Barafu

Ndugu msomaji, hapa Itumba mwezi wa Julai tunajifunika blanketi na kuota moto. Lakini iko bahari ambayo sehemu yake huganda wakati wa baridi, ikawa barafu ngumu. Inaitwa Bahari ya Barents. Iko kaskazini ya Norwei na Urusi. Soma ujue ilivyopata jina hilo.

Willem Barents alizaliwa Uholanzi karibu na mwaka 1550. Kazi yake ilikuwa kuongoza meli na kuchora ramani. Siku hizo Wareno walishika njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Ndio hao walioanza kujenga ngome Mombasa mwaka 1593. Basi wafanyabiashara wa Uholanzi walitafuta njia nyingine ya kwenda China, kwa kupitia kaskazini. Barents alisafiri mara tatu: mwaka 1594, 1595 na 1596.

Safari ya tatu meli ilinaswa na barafu kisiwani Novaya Zemlya. Watu walikuwa 17. Huko haioti miti. Waliokota magogo yaliyoletwa na bahari, wakajenga nyumba. Tangu Novemba hawakuliona jua mpaka Januari. Dubu weupe, wanyama wakubwa na wakali, waliwashambulia. Walitega mbweha wakala nyama yake. Mafuta ya dubu waliyatia katika taa.

Matunda na mboga hawakuwa nazo. Kwa hiyo waliugua kiseyeye. Ugonjwa huu huvimbisha fizi, hutoa damu na kulegeza mwili. Wawili walikufa huko. Juni 1597 waliobaki waliondoka kwa mashua mbili. Barents alikuwa mgonjwa, akafa tarehe 20 Juni. Watu 12 tu walifika kwao, mwezi wa Novemba.

Mwaka 1871 baharia wa Norwei aliikuta nyumba ile, na vyombo vikiwa ndani. Siku hizi tunajua kwamba kusini ya bahari hiyo hakugandi sana, maana mkondo wa maji vuguvugu huingia kutoka Atlantiki. Samaki ni wengi.

Barents hakufika China, lakini ramani zake ziliwafaa waliomfuata. Nawe, ndugu msomaji, usingoje kiseyeye. Kula mboga za majani na matunda kila siku.

Maswali
1. Kwa nini Waholanzi walitafuta njia ya kaskazini?
2. Kiseyeye huletwa na nini?