Kitabu Kimoja cha Bwana Ebbinghaus

Nataka kuwasimulia habari za Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1850. Alihifadhi moyoni silabi zisizo na maana, akajipima mwenyewe. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kujifunza imekwisha kupotea. Matokeo aliyachapa kitabuni mwaka 1885. Maandishi yake yalikuwa machache. Mwaka 1894 uprofesa wa Berlin akapewa Carl Stumpf, naye akahamia Breslau. Alifariki mwaka 1909. Lakini wataalamu wangali wanakitaja kitabu kile, na jaribio lake liliporudiwa mwaka 2015, matokeo yalifanana. Wanafunzi wenzangu, kazi ya mtu haipimwi kwa wingi wa kurasa.