Onnes, Mtafuta Baridi

Umeme unaokuja Bagamoyo hupita katika nyaya ndefu. Njiani sehemu yake hupotea. Waya huuzuia umeme kidogo, nao hupata joto. Kizuizi hicho huitwa ukinzani. Hii ni habari ya mtu aliyeona ukinzani ukitoweka kabisa.

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa mwaka 1853 mjini Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vigae vya kuezekea nyumba. Mwaka 1882 Onnes alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Ndugu msomaji, umeona mvuke wa chungu ukigusa mfuniko. Hupoa ukawa maji. Onnes aliamini kuwa kila gesi huweza kugeuka hivyo, ikipata baridi ya kutosha. Basi akatafuta baridi.

Kazi hiyo ilihitaji mashine za kushindilia gesi. Watu wa Leiden wakaogopa. Mwaka 1807 chombo kilichobeba baruti kililipuka katikati ya mji wao. Watu kama 150 walikufa. Jengo la Onnes lilisimama mahali palepale! Mwaka 1895 kazi ilisimamishwa, akangoja karibu miaka mitatu. Tusiwalaumu watu wale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 1901 Onnes alianzisha shule ya mafundi. Vijana walijifunza kutengeneza vyombo vya vioo na vya chuma. Bila mikono yao asingefika mbali.

Tarehe 10 Julai 1908 walifanya kazi tangu asubuhi mapema hadi usiku. Gesi ya heliamu ikawa maji kwa mara ya kwanza duniani. Ilikuwa kadiri ya kikombe cha kahawa. Barafu ya samaki huwa nyuzi sifuri. Maji yale yalikuwa nyuzi 269 chini ya sifuri.

Mwaka 1911 walipitisha umeme katika zebaki iliyopozwa kwa heliamu hiyo. Ghafla ukinzani ukatoweka. Walirudia kupima, jibu likawa lilelile. Kijana aliyepima aliitwa Gilles Holst, lakini ripoti ilitoka kwa jina la Onnes peke yake. Kwa maoni yangu, hapo hakutenda haki.

Onnes alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Alifariki mwaka 1926.

Mwaka 1962 Brian Josephson wa Uingereza alieleza jambo jingine. Ukitenga metali mbili za namna hiyo kwa utando mwembamba mno, umeme huvuka utando bila kusukumwa.

Leo hospitali kubwa zina mashine za sumaku za kupiga picha ndani ya mwili. Nyaya za sumaku hizo hupozwa kwa heliamu. Onnes aliipata gesi hiyo kwa shida, kutoka katika mchanga wa Marekani. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa heliamu nyingi imeonekana chini ya ardhi yetu, huko Rukwa.