Kichwa cha Mwami Msiri kiliondoka Bunkeya mwaka 1891, na hakijarudi

Watu wengi wakisikia Lubudi wanafikiria kiwanda cha saruji na reli inayopanda kwenda Kamina. Lakini ndani ya wilaya hiyohiyo ya jimbo la Lualaba, kaskazini ya Likasi, kuna Bunkeya, makao ya Bayeke. Huko amezikwa mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya Katanga kabla ya Wabelgiji. Kwa masimulizi ya watu wake, mfalme huyo alizikwa bila kichwa.

Jina lake ni Msiri. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na siku hiyohiyo waliomuua wakamkata kichwa. Kichwa hicho kilikwenda wapi? Zaidi ya miaka 130 imepita na majibu yamebaki matatu au manne, kila moja na watu wake wanaoliapia.

Hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 upande wa Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kwao aliitwa Ngelengwa. Kalasa, baba yake, alikuwa mfanyabiashara wa shaba, mmoja wa watu waliovuka ziwa Tanganyika kwa miguu na mitumbwi kuja kununua shaba ya huku na kuirudisha kwao. Mtoto alifuata njia ya baba. Alipofika, alikuta machifu wenyeji, akiwemo chifu Katanga ambaye jina lake ndilo lililobaki kwa nchi nzima, na Mpande wa Basanga. Aliomba ruhusa ya kukaa, kama mgeni yeyote.

Mgeni huyo alikuwa na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho: bunduki. Aliwasaidia machifu kupigana na maadui zao, kisha pole pole, kwa urafiki, kwa ndoa na kwa vita, akawa mkubwa kuliko waliompokea. Jina la Msiri lenyewe linatoka kwa Mushidi, neno la huku linalohusu udongo. Watu wa pwani na Wazungu walilitamka kwa ulimi wao mpaka likawa Msiri, na ndiyo maana halina uhusiano na msiri wa Kiswahili, yule mtu wa kuficha siri za mwenzake. Ufalme wake uliitwa Garanganze, na watu aliokuja nao ndio Bayeke.

Miaka ya 1880 Bunkeya ilikuwa mojawapo ya miji mikubwa ya Afrika ya kati. Mtu anayepita pale leo anaweza kukataa kuamini. Waswahili na Waarabu walifika kutoka Zanzibar na Bagamoyo. Wafanyabiashara Ovimbundu walifika kutoka Bihe, wakiwa na njia iliyoshuka mpaka Benguela kwenye bahari ya Atlantiki. Shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa vilitoka, na bunduki, baruti, vitambaa na shanga vikaingia. Mtu mmoja alikaa katikati na kula pande zote mbili za bara.

Bayeke walileta ufundi pia. Walijua kuvuta shaba mpaka iwe waya mwembamba wa kutengeneza bangili, kazi ambayo vijana wanaochimba Kolwezi leo wasingeifikiria wakishika jiwe la madini mkononi. Walijua pia kuchanja watu dhidi ya ndui, kwa kuchukua ugonjwa kidogo kwa mgonjwa na kumwekea mzima kwenye ngozi. Viazi vitamu navyo vinahesabiwa kati ya vitu walivyokuja navyo.

Wake zake walihesabiwa kwa mamia. Hiyo haikuwa tamaa tu. Wengi wao aliwaweka katika vijiji vya mbali, wakawa macho na masikio yake huko, hivi kwamba kila chifu aliyeolewa binti yake alikuwa na mkwe Bunkeya na mpelelezi nyumbani. Mmoja wa wake wakubwa, Maria da Fonseca, alikuwa na damu ya Kireno na alitoka upande wa Angola. Kupitia ndoa hiyo baruti ya magharibi iliendelea kufika.

Wazao wake hawafichi upande mwingine. Wamisionari waliofika Bunkeya waliandika kuhusu mafuvu ya maadui yaliyochomekwa juu ya miti ya boma. Watumwa waliopelekwa pwani ya Angola walikuwa watoto wa watu, wengi wao kutoka makabila yaliyoshindwa hapa hapa. Mwaka 1891 Basanga, wale waliompokea zamani, walikuwa wamemwasi, na njia za biashara zilianza kufungwa. Msiri alikuwa mzee wa miaka karibu 60, na ufalme wake ulikuwa unavuja.

Ndipo Wazungu wakaja kwa wingi.

Wa kwanza kukaa hakuwa na silaha ya kutisha. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Scotland, alifika mwaka 1886 na Msiri akamruhusu kujenga. Wenzake Charles Swan na William Faulknor walifuata, kisha Dan Crawford. Walikuwa maskini, wakimtegemea mfalme kwa chakula na ulinzi, naye alipenda kuwa na Wazungu wake kama alivyopenda kuwa na mafundi wake. Tatizo ni kwamba Arnot aliporudi Uingereza aliandika kitabu, na Garanganze ikajulikana Ulaya pamoja na shaba yake.

Kwenye ramani, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameshaiweka Katanga ndani ya Dola Huru ya Kongo tangu 1885. Lakini ramani si nchi. Hakuwa na askari hata mmoja Bunkeya, na Cecil Rhodes, mwenye kampuni ya Waingereza upande wa kusini, alijua hilo vizuri. Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya Rhodes, akiwa na mkataba wa kusainiwa. Msiri aliposomewa maana halisi ya maneno yake alikataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu. Kama angesaini siku ile, inawezekana kabisa kwamba mtu wa Lubudi leo angekuwa anafuata karatasi zake Lusaka.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya watu wa Leopold. Paul Le Marinel alifika, kisha Alexandre Delcommune, na wote wawili walitaka Msiri akubali bendera ya bluu yenye nyota ya dhahabu. Alikataa. Alianza kufikiri upya juu ya Waingereza, akamwandikia Sharpe barua ya kumwita arudi. Barua hiyo haikufika. Ilikutwa njiani na msafara wa tatu wa Leopold, ule uliokuwa unakuja kutoka mashariki.

Kiongozi wa msafara huo alikuwa kapteni William Stairs, kijana wa miaka 28 mzaliwa wa Halifax, Kanada, raia wa Uingereza aliyelipwa na Wabelgiji ili kuwawahi Waingereza. Pamoja naye walikuwa Omer Bodson, Mbelgiji; markizi Christian de Bonchamps, Mfaransa; Joseph Moloney, daktari; na Thomas Robinson, seremala. Wabebaji na askari, mamia yao, walikuwa karibu wote watu wa Zanzibar na pwani. Amri zilizoteka Katanga zilipita kwa Kiswahili. Msafara ulipita Tabora, upande ule ule alikozaliwa Ngelengwa, ukavuka ziwa Tanganyika na kufika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Ilikuwa safari ya miezi mitano.

Siku chache za mazungumzo hazikuzaa kitu. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku huo Msiri aliondoka kwake akaenda Munema, kijiji chenye boma kilicho karibu. Asubuhi Stairs aliwatuma Bodson na de Bonchamps, na askari wapata 100, wamlete.

Bodson aliingia ndani ya boma na watu wachache tu, de Bonchamps akabaki nje na wengine. Alimkuta Msiri mbele ya nyumba yake, amezungukwa na watu wenye bunduki. Mkononi alikuwa na upanga, zawadi aliyopewa na Stairs mwenyewe siku chache kabla. Msiri alipouchomoa, Bodson alimpiga risasi kwa bastola. Papo hapo Masuka, mtoto wa Msiri, akampiga Bodson tumboni, naye Masuka akauawa. Mfalme alikufa hapo hapo. Bodson alikufa baadaye siku hiyo.

Kuanzia hapa masimulizi yanaachana.

De Bonchamps aliandika baadaye kwamba walikata kichwa cha Msiri na kukiinua juu ya boma ili watu wote waone kwamba mfalme amekufa. Alikiri kwamba kitendo kilikuwa cha kishenzi, ila aliona somo hilo lilikuwa la lazima. Daktari Moloney, aliyekuwepo katika msafara huo huo na kuandika kitabu kizima, hakutaja kichwa hata mara moja. Mtu anaweza kusahau siku au jina la mto, lakini si rahisi daktari kusahau kichwa cha mfalme juu ya mti.

Mwili ulirudishwa kwa watu wake wauzike. Kuhusu kichwa, Bayeke wanasimulia kwamba Stairs aliondoka nacho ndani ya debe la mafuta ya taa ili kisioze, akitaka kukionyesha Ulaya. Na wanaongeza kwamba kichwa hakikukubali safari: kila aliyekibeba alikufa, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya mkubwa wao.

Stairs kweli alikufa. Yeye na msafara wake waliondoka Bunkeya Februari 1892 wakiwa wagonjwa, wakarudi kwa njia ya ziwa Nyasa na mto Zambezi. Tarehe 9 Juni 1892 malaria ilimmaliza Chinde, pale mto Zambezi unapoingia baharini katika Msumbiji, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 29. Kati ya watu walioanza naye, karibu nusu hawakuiona tena Zanzibar. Njaa, kuhara na homa vinatosha kueleza vifo hivyo. Anayetaka laana bado ataipata, maana tarehe na mahali vinakubaliana nayo vizuri mno.

Wengine wanasema debe halikufika baharini, kwamba kichwa kilizikwa njiani chini ya mawe juu ya kilima, upande wa Zambia ya leo. Wengine wanaamini kiko Ubelgiji, ndani ya sanduku lisilo na jina.

Wazo hilo la mwisho si la ajabu kama linavyosikika. Desemba 1884, miaka saba kabla ya Msiri, watu wa luteni Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga katika milima ya Marungu, magharibi ya ziwa Tanganyika. Storms alichukua fuvu akaenda nalo kwao, na leo linajulikana lilipo: katika Taasisi ya Sayansi ya Asili mjini Brussels. Upande wa pili wa ziwa, fuvu linalotambuliwa kuwa la Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898, lilitolewa makumbusho ya Bremen, Ujerumani, na kurudishwa Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954. Na Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, likapitishwa mpaka Shilatembo, karibu na Lubumbashi, alikouawa. Kwa Msiri hakuna fuvu, hakuna jino, hakuna hata karatasi ya makumbusho yenye namba.

Nchi yenyewe ilichukuliwa haraka. Mwezi uliofuata kifo chake, msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui ulifika Bunkeya, na ndani yake alikuwemo Jules Cornet, mtaalamu wa mawe. Cornet alizunguka na kuandika shaba iko wapi. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, mama wa Gécamines. Mukanda-Bantu, aliyemrithi Msiri, alikubali bendera na kubaki na kipande kidogo cha ufalme. Alimuua Maria da Fonseca kwa tuhuma ya usaliti, na Bayeke wake wakapigana upande wa Wabelgiji dhidi ya Basanga. Alikufa mwaka 1910.

Kiti hakikukatika. Mmoja wa wazao wa Msiri, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na ambaye jina lake haliachani na usiku wa kifo cha Lumumba, alikuwa Mwami wa Bayeke kuanzia 1976 mpaka alipofariki Kinshasa Mei 1992. Baada yake mwingine akakalia kiti hicho hicho.

Bunkeya bado ina Mwami, na tarehe 20 Desemba bado ni siku ya Msiri huko.