Abebe Bikila: Miguu ilipokufa, alianza upya na mikono

Ukimtaja Abebe Bikila, wengi watamkumbuka yule Mhabeshi aliyekimbia marathoni peku na akashinda. Lakini kuna Bikila mwingine asiyetajwa sana: aliyelazwa hospitalini Uingereza, hawezi hata kugeuza shingo.

Huyu mwanajeshi wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Kocha wake alikuwa Onni Niskanen kutoka Sweden.

Roma: Namba 26 iko wapi?

Jioni ya Septemba 10, 1960, Bikila alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Roma bila viatu. Vile alivyopata vilikuwa vinambana na kumchubua, basi akaviacha.

Marathoni ni kilomita 42. Ukizifikiria zote kwa pamoja, woga unakumaliza kabla ya miguu kuchoka. Ndiyo maana leo wanasaikolojia wa michezo hufundisha wanariadha kuigawa kazi vipande vipande na kuipa akili kitu kimoja cha kushika.

Bikila na Niskanen walifanya hivyo. Walikagua njia mapema na kuchagua mahali pa kuongeza kasi: kwenye mnara wa mawe wa Aksum, ambao Waitaliano waliubeba kutoka Ethiopia mwaka 1937. Ulikuwa karibu na mwisho wa mbio. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuhangaika na mwisho. Kazi yake ilikuwa kufika mnarani akiwa bado na nguvu.

Pia aliambiwa amchunge Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, atakayevaa namba 26. Bikila akakimbia akiitafuta namba hiyo kwa macho, haioni. Kumbe Rhadi alivaa 185, na ndiye huyohuyo waliyekuwa wanakimbia naye bega kwa bega!

Walipofika mnarani, Bikila akachomoka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia. Ethiopia ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Tokyo: Wiki chache baada ya upasuaji

Mwaka 1964 mambo yalikuwa magumu zaidi. Wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi walijua amekwisha.

Yeye alirudi mazoezini, na Oktoba 21 akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Baada ya kumaliza, akaanza kunyoosha viungo uwanjani wakati wenzake bado wako barabarani. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico mwaka 1968 mguu ulimgomea. Aliacha mbio njiani, na dhahabu ikachukuliwa na Mhabeshi mwenzake, Mamo Wolde.

Usiku wa ajali

Machi 22, 1969, gari lake aina ya Volkswagen lilipinduka akiwa ndani. Uti wa mgongo uliumia vibaya. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akakaa huko miezi minane.

Hospitali hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kitengo cha uti wa mgongo hapo mwaka 1944, hakutaka mgonjwa alale tu akihesabu dari. Aliona kukata tamaa kunaua kama kidonda. Hivyo wagonjwa walipewa kazi za kila siku na michezo, hasa kulenga shabaha kwa upinde, unaojenga mikono na kiwiliwili. Mashindano yake ya kwanza, mwaka 1948, yalikuwa na watu 16 tu. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa Paralimpiki.

Polepole, mikono ya Bikila ikarudi. Miguu haikurudi tena.

Mtu ambaye miguu yake ilikuwa ndiyo jina lake angeweza kuishia kwenye hasira. Bikila aliipokea ajali kama alivyoupokea ushindi, vyote akiviona ni mapenzi ya Mungu. Kukubali huko hakukumfanya akae bure. Mwaka 1970 alishindana Uingereza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa upinde na tenisi ya meza. Mwaka uliofuata alialikwa Norway kama mgeni tu, lakini akaingia mashindanoni na kushinda mbio za sleji, kigari cha theluji kinachovutwa na mbwa.

Mwaka 1972 alikuwa mgeni kwenye Olimpiki ya Munich, na uwanja mzima ukamshangilia. Mmarekani Frank Shorter, baada ya kuvishwa dhahabu ya marathoni, alikwenda kumpa mkono pale kwenye kiti chake.

Bikila alifariki Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Maelfu ya watu walijitokeza Addis Ababa kumzika, na mfalme wake akatangaza siku ya maombolezo nchi nzima.