Mirambo, Pembe na Amana ya Misitu Yetu

Jina la Mtemi Mirambo likitajwa hapa Kaliua, fikra za wengi huelekea kwenye vita. Si ajabu, kwani alipofariki tarehe 2 Desemba 1884 alikuwa ameunda dola ambayo jeshi lake liliogopwa tangu Tabora hadi karibu na Ziwa Tanganyika. Lakini maisha yake yana funzo jingine, nalo latuhusu sana sisi tunaoishi kati ya Urambo na Mto Ugalla. Ni funzo la tembo.

Mirambo alizaliwa kiasi cha mwaka 1840, mwana wa Mtemi Kasanda wa Uyowa. Yasimuliwa kwamba katika ujana wake alikaa kati ya Wangoni waliovamia nchi hizi, na kutoka kwao akajifunza namna ya kupanga vikosi. Aliurithi utemi mdogo, akauunganisha na tawala za jirani, akajenga boma lake Iselamagazi na kukusanya vijana wa rugaruga. Mwaka 1871 aliwashinda wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo, alirudi mwaka 1876 na kuchanjiana naye udugu. Mwafrika huyu alikataa kuwa mtazamaji wa biashara iliyopita katika ardhi yake. Kwa hilo twamheshimu, na jina lake limestahili kubaki katika kambi ya jeshi na shule mjini Tabora.

Hata hivyo yafaa tuulize: dola hiyo ilisimama juu ya nini? Ilisimama juu ya hongo za misafara, na juu ya pembe. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mwindaji hakuimiliki pembe peke yake. Sehemu ya pembe ilikuwa haki ya mtemi. Desturi hiyo ilikuwa na maana, kwani ilitambua kwamba mnyama wa porini ni mali ya nchi. Lakini pembe zilipogeuka kuwa bei ya bunduki na baruti, haki hiyo ikageuka kuwa kiu. Wapagazi walizibeba begani hadi pwani, zikavushwa Unguja, zikaishia Bombay, Ulaya na Marekani, kuwa bangili, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Nchi ilibaki na silaha zilizochakaa na misitu iliyopungukiwa na tembo.

Lipo tukio moja lionyeshalo upotovu wa biashara ile. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walishusha Msasani tembo wanne kutoka India, ili wawasaidie kufuga tembo wa Afrika wabebe mizigo. Tembo hao hawakudumu. Kiongozi wa jaribio hilo, Kapteni Carter, aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe katika mapigano yaliyowahusisha wapiganaji wa Mirambo. Tembo alitakiwa afe kwa ajili ya pembe, na abebe mzigo wa waliomwua.

Mirambo alipofariki, dola yake haikudumu. Mwaka 1890 Wajerumani waliingia Tabora. Mali iliyochumwa bila kubakiza mbegu haikumlinda mrithi wake.

Je, sisi tumejifunza? Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitangaza huko Arusha kwamba wanyamapori ni amana ya taifa. Lakini kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka kiasi cha 109,000 hadi kiasi cha 43,000. Safari hii hapakuwa na misafara wala Waarabu wa kulaumiwa. Risasi zilifyatuliwa katika nchi huru, na baadhi ya wenzetu waliijua njia ya pembe wakanyamaza.

Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi ilitambuliwa kimataifa, na mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla likawa hifadhi ya taifa. Sheria za hifadhi ya taifa ni kali kuliko za pori la akiba, na mrina asali au mvuvi wa Kaliua ana haki ya kuuliza riziki yake itatoka wapi. Viongozi wana dhima ya kumjibu kwa vitendo, kwani mwananchi asiyefaidika na msitu hawezi kuulinda kwa moyo.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayekwenda porini kutazama viboko na ndege aende kwa kibali, afuate njia na asiache taka. Mrina asali auzime moto kabla ya kuondoka, na apunguze mizinga ya magome, kwani mti uliobanduliwa gome hufa. Mkulima wa tumbaku apande miti ya kukaushia jani, asiendelee kuumaliza miyombo. Na anayejua ilipofichwa pembe aitoe taarifa.

Mirambo aliilinda njia, hakumlinda tembo. Kizazi chetu kina nafasi ya kufanya lile ambalo yeye hakulifanya.